Hija ya Mazu Isifungwe na Siasa

Mwezi Mei, 1989, boti za uvuvi zipatazo 20 ziling'oa nanga Su'ao, kaskazini-mashariki ya Taiwan, zikiwa na mahujaji zaidi ya 200 pamoja na sanamu za Mazu, mlinzi wa mabaharia. Zilikwenda moja kwa moja hadi kisiwa cha Meizhou, jimboni Fujian, safari ambayo wakuu wa Taipei walikuwa wakiikataza tangu pande hizo mbili zilipotengana mwaka 1949.

Kuwaita watu hao wakaidi ni rahisi. Lakini yafaa ieleweke walikuwa wakifuata nini. Mapokeo yasema kuwa Mazu alikuwa binti wa Meizhou, aliyezaliwa mwaka 960 na kufariki mwaka 987. Wahamiaji wa Fujian walipovuka kwenda Taiwan walichukua majivu ya ubani kutoka mahekalu ya kwao, wakajenga mapya. Na kwa desturi yao hekalu changa sharti lirudi kwa mama yake kuhuisha baraka. Ndiyo maana mwaka 1987, katika kumbukumbu ya miaka elfu moja tangu kifo chake, wajumbe wa hekalu la Dajia walikubali kuzungukia Japani ili wafike ng'ambo ya mlango wa bahari ambao penye wembamba ni kilometa 130 tu.

Hofu ya Taipei kwamba Beijing ingeitumia hija kwa siasa za muungano haikuwa ya kubuni. Beijing nayo haina haki ya kujivuna: hekalu la Meizhou lilibomolewa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, na michango ya waumini wa Taiwan ikasaidia kulijenga upya. Hata hivyo, amri ambayo wavuvi waweza kuivunja hadharani huishushia hadhi serikali iliyoitoa. Wajibu wa pande zote mbili ni kuiacha njia hiyo wazi hata uhusiano unapochafuka, wala isigeuzwe zawadi ya kutolewa leo na kunyang'anywa kesho.

Mwaka 2000 Dajia waliomba tena kuvuka moja kwa moja. Wakakataliwa, wakapitia Hong Kong. Mlango ulifunguliwa kidogo tarehe 2 Januari, 2001, meli ilipotoka visiwa vya Matsu, vyenye jina la Mazu mwenyewe, ikiwa na mahujaji wapatao 500 kuelekea Mawei. Meli za Taiwan yenyewe zilisubiri hadi Desemba 15, 2008.