Maji ya Jua na Karaha Yake

Juzi nilikuwa Garissa. Baada ya sala ya adhuhuri nikakuta mzozo nje ya msikiti. Kijana ameanika chupa za maji juu ya bati, na mzee mmoja amkanya: "Mwanangu, hayo ni maji ya mushamasi. Makuruhu! Yaleta mbalanga."

Wasomaji wenzangu, mzee hakubuni. Sisi Mashafii tumelisoma hilo chuoni. Lakini karaha hiyo ina masharti yake: chombo kiwe cha madini yanayofulika, kama shaba au chuma, na maji yatumiwe mwilini yangali moto. Yakipoa, karaha imekwisha. Naye Imam Nawawi katika Majmuu aliona hata dalili yake ni dhaifu. Basi chupa ya plastiki yaingiaje hapo?

Tena kijana ana hoja. Maji ya mto Tana ni mekundu kwa udongo na uozo wa majani. Yakitiwa klorini vivyo hivyo, dawa hukutana na uozo huo ikazaa vitu vingine, klorofomu mojawapo. Mholanzi Johannes Rook alilieleza jambo hili mwaka 1974, na wataalamu huhofia saratani ya kibofu kwa mwenye kuyanywa miaka mingi. Kwengine hutumiwa taa za mionzi ya urujuanimno, pamoja na haidrojeni peroksaidi, kuvunja baadhi ya vitu hivyo. Taa hizo ni ghali. Jua letu haliwezi kuvunja klorofomu chupani, lakini huua vijidudu bila ya kuizaa: saa sita juani, siku mbili kukiwa na mawingu. Watoto wa Kimasai huko Kajiado walijaribiwa, na ripoti ya 1996 ikaonyesha kuhara kumepungua.

Kosa la kijana ni tope. Mwangaza haupenyi tope. Maji yatulie usiku kucha, yachujwe, kisha chupa isimamishwe juu ya gazeti hili. Ukitazama kwa mdomoni ukasoma kichwa cha habari, anika.

Wala sisemi klorini itupwe, la hasha! Kipindupindu kiliingia Dadaab 2015, kikarudi 2022, nacho huua kwa saa chache. Ninachodai kwa wenye mitambo ni kuondoa tope na uozo kwanza, ndipo watie dawa.

Mzee nilimpa chupa moja iliyokwisha kupoa. Aliipokea, akasema atamwuliza sheikh wake kwanza.