Viwango vya Kuhifadhi Data: Kipi Kifundishwe?

Programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java huiona shule kuwa mkusanyiko wa vitu: mwanafunzi, darasa, mwalimu, kila kimoja kina sifa zake na kinahusiana na vingine. Lakini vitu hivyo vimo katika kumbukumbu ya kompyuta tu. Umeme ukikatika, hutoweka. Vihifadhiwe vipi basi, bila ya programu kufungwa kwa mtengenezaji mmoja wa hifadhi?

Kundi la ODMG lilichapisha kiwango chake mwaka 1993. Lilitaka vitu vihifadhiwe kama vilivyo, visivunjwe na kupangwa katika majedwali. Wazo zuri, ila data nyingi za ulimwengu zilikwisha kukaa katika majedwali ya namna aliyoieleza E. F. Codd mwaka 1970, na kundi likavunjwa mwaka 2001. Mwaka 2002 kikatoka kiwango cha JDO, kisichobagua hifadhi: majedwali, vitu, hata faili. Mwaka 2006 ikafuata JPA, ambayo sasa huitwa Jakarta Persistence, nayo hushughulika na majedwali peke yake.

Wako wanaosikitika kuwa JPA ndiyo iliyoenea, ilhali JDO ina upeo mpana zaidi. Upeo huo siukani. Lakini JDO ya 2002 haikueleza sifa za kitu ziandikwe vipi katika jedwali. Kila mtengenezaji alijipangia mwenyewe. Basi palepale ambapo watumiaji wengi walikihitaji kiwango, hapakuwa na kiwango! Kasoro hiyo ilirekebishwa mwaka 2006, mwaka uleule mshindani alipoingia uwanjani.

Kwa hiyo shuleni ningechagua JPA, kwa sharti moja: wanafunzi wajifunze kwanza majedwali na lugha ya SQL. Asiyeyajua majedwali hudanganywa na wepesi wa JPA. Tuseme anataka orodha ya wanafunzi 40, kisha jina la shule ya msingi aliyotoka kila mmoja. Kwake ni mistari michache ya programu. Huko nyuma, asipoangalia, huenda hifadhi ikaulizwa mara 41: mara moja kwa orodha, na mara moja tena kwa kila mwanafunzi, ilhali swali moja la SQL lenye kuunganisha majedwali mawili lingetosha. Mwalimu na aiamuru programu ionyeshe maswali hayo kwenye kioo, darasa liyahesabu.