Lenzi Ndefu ni ya Mtu Anayesimama Mbali

Ndugu zangu wa Kawempe, na ninyi wa mashirika mnaotusoma, leo niseme bila kuzunguka. Kijana anayeanza na DSLR asinunue kwanza lenzi ndefu ya kuvuta. Anunue fupi, nyepesi, ya bei nafuu, inayopitisha mwanga mwingi. Anayetaka kubisha abishe, lakini asome kwanza.

Najua mtasema nini: "75-300 inavuta mbali, mteja akiiona anajua huyu ni fundi." Sawa, shingoni inapendeza. Lakini kazi zetu ziko wapi? Ziko ndani! Kanisa lenye taa mbili, saluni ya Bwaise, kwanjula inayoisha usiku, chumba kimoja ambamo mama anashona nguo. Mle ndani lenzi hiyo ukiivuta hadi mwisho inafunguka f/5.6 tu. Picha inatoka giza, au imetikisika. Hata 18-55 iliyokuja na kamera, ukiivuta inaishia hapo hapo. Lenzi ya 50mm f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Mara kumi, jamani, bila flashi.

Na bei? Canon ilipotoa 50mm f/1.8 STM mwaka 2015, mpya ilikuwa dola 125 kule Marekani. Uzito wake ni kama gramu 160. Ya mkono wa pili inashuka zaidi. Chumba kikiwa kidogo sana, 50mm itakubana, maana kwenye kamera zetu hizi za kuanzia inaona kama 80mm. Hapo tafuta Canon 24mm f/2.8 STM, au kwa Nikon, 35mm f/1.8G ya DX.

Msidanganywe dukani. Mwenye Nikon D3200 au D5300 akiuziwa 50mm f/1.8D, haitafokasi yenyewe, kwa sababu kamera hizo hazina mota ndani. Soma maandishi kwenye lenzi: lazima iwe AF-S. Kisha washa tochi ya simu, mulika ndani ya kioo. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, rudisha. Na usilipe kabla hujaifunga kwenye kamera yako mwenyewe na kupiga picha.

Sasa ninyi wa mashirika. Mradi unanunua lenzi moja kubwa, 70-200 f/2.8, ambayo mpya inaweza kupita dola 2,000. Inafungiwa kabatini, vijana wanaishika siku ya mafunzo tu, wanapigwa picha wakiishika, basi. Pesa hiyo ingetoa 50mm zaidi ya kumi. Vijana kumi wangekuwa na kazi wikendi hii. Sisi wa mjini hatuko Nakivale, hapa kodi na chakula tunajitafutia wenyewe. Kwa hiyo lenzi isiyoingiza shilingi ni mzigo, hata kama ni ya bure.

Kuna jambo lingine linaloniuma kuliko bei. Lenzi ndefu tunaijua tangu zamani. Imetupiga picha tukiwa kwenye foleni ya maji, tukivuka mpaka na magodoro kichwani, mwenye kamera akiwa amesimama mbali. Hakuuliza jina. Hakusema hata jambo. Leo kamera iko mkononi mwetu, halafu na sisi tunakimbilia kusimama pale pale aliposimama yeye?

50mm haivuti. Ukitaka kukaribia, unatumia miguu. Ukikaribia, lazima usalimie, uombe ruhusa, uambiwe ndiyo au hapana. Henri Cartier-Bresson, yule Mfaransa, alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa lenzi ya 50mm, na hakuna anayemwita mwanafunzi.

Basi vijana, wekeni akiba kwa ajili ya hiyo ndogo. Na ninyi wenye bajeti, kabla hamjasaini ununuzi unaofuata, tuulizeni sisi tunaopiga picha Kalerwe na Bwaise tunahitaji nini. Jibu mnalo tayari.