Sumbawanga mlimwona Miquissone, lakini namba moja ni Kibadeni

PITA kijiwe chochote cha bodaboda hapa Sumbawanga uulize nani mchezaji mkali zaidi kuwahi kuvaa jezi ya Simba. Hutakaa sana kabla ya kusikia jina la Luis Miquissone.

Vijana wana sababu yao. Agosti 2, 2020, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilipigwa Uwanja wa Nelson Mandela, Simba ikaichapa Namungo 2-1. Miquissone akafunga moja, nahodha John Bocco akaweka la pili. Kwa mtu wa Laela au Namanyere aliyezoea kuisikia Simba redioni, siku ile haisahauliki.

Sawa, lakini kumwona mtu kwa macho ni jambo moja, na ukubwa wa mtu kwenye historia ya klabu ni jambo lingine. Mara ya kwanza Miquissone alikaa Msimbazi msimu mmoja na nusu tu. Aliifunga Al Ahly Februari 2021, nao Waarabu wakamchukua mwaka huohuo. Aliporudi 2023 hakuwa yule tuliyemjua. Fundi kweli, ila tano bora yangu haingii.

Namba moja ni Abdallah Kibadeni, na hapa sibishani na mtu. Julai 19, 1977, Simba iliipiga Yanga 6-0, yeye peke yake akatupia matatu. Wachezaji wangapi wamepita kwenye mechi ya watani tangu siku hiyo? Hakuna aliyeondoka na mpira wake. Hata Yanga walipolipa kisasi cha 5-1 Novemba 2023, hakuna aliyefikisha matatu. Halafu huyuhuyu Kibadeni ndiye alikuwa kocha Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993.

Namba mbili ni Juma Kaseja. Mwaka 2003 Simba iliwavua ubingwa wa Afrika Zamalek kwa penalti, tena kwao Cairo, na shujaa alikuwa yeye langoni. Mei 6, 2012, Yanga ilipolala 5-0, kipa huyu naye alifunga kwa penalti. Anayefuata ni Emmanuel Okwi, Mganda aliyefunga mawili siku hiyohiyo.

Wa nne ni Clatous Chama. Najua alihamia Yanga 2024 na wengine bado wana kinyongo. Bao lake dhidi ya AS Vita Machi 2019 ndilo lililoipeleka Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, na kuhama hakulifuti. Kaseja naye aliwahi kuvaa ile jezi ya kijani, mbona yeye tumemsamehe?

Wa tano ni Meddie Kagere. Mfungaji bora wa ligi misimu miwili mfululizo, mabao 23 kisha 22. Namba zake zinajieleza.

Kinachonisumbua ni kwamba Kibadeni hana video ya kutumiana kwenye simu. Kijana akikosa cha kutazama, anaona kama mtu hakuwepo. Mimi pia sijamwona akicheza, nilizaliwa yeye akiwa ameshastaafu zamani. Ninachokijua nimekitoa kwa wazee waliokuwa wakisikiliza mpira kwenye Redio Tanzania, ambao hadi leo wanakutajia kikosi kizima cha 1977 bila kusoma popote.

Wazee hao bado wapo, Matai, Mpui na hapa mjini. Wanapungua kila mwaka, na wakiondoka bila kuulizwa, historia ya Simba itaanzia kwenye video ya kwanza iliyopo kwenye simu yako. Watani zangu wa Yanga msicheke, na nyie mna wa kwenu wa zama hizo wanaosahaulika hivyohivyo.

Kwa hiyo kabla hujaniletea orodha yako, kamuulize kwanza mzee mmoja. Ukirudi bado unamtaja Miquissone, njoo tubishane.