Nasaha za Mwezi: Konde, Nguruwe na Darubini ya Usiku

 

Tumeulizwa na baadhi ya vijana wa Mji Mkongwe jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana dogo, walakini tulipolipima tuliliona lina mlango katika fikihi, mlango katika ukulima, na mlango katika tabia. Wasema kuwa wameona katika simu zao picha za watu wa Marekani wanaoongozwa usiku mashambani kwenda kupiga nguruwe, kwa bunduki zilizofungwa darubini zinazoona joto, hata mnyama hudhihiri katika kiza totoro kana kwamba amemulikwa na kurunzi. Nao wauliza: huku kwetu Unguja nguruwe wawamalizia wakulima mihogo yao, je, si kheri nasi tukafanya hivyo, tukaondosha najisi, tukawasaidia wazee wa shamba, na pengine wageni wakaja wakalipa?

Swali hili lina haki ya kujibiwa, kwani ndani yake mna nia njema na mna pumbao, na mambo mawili hayo yakichanganyika mtu hushindwa kujua lipi limsukumalo.

Tuanze na mkulima, kwa sababu yeye ndiye mwenye shida. Upande wa magharibi wa kisiwa chetu ardhi ni nzito, na huko ndiko iliko mikarafuu na minazi mingi. Upande wa mashariki na kusini, tangu Chwaka na Ukongoroni mpaka Jambiani, Muyuni na Makunduchi, sehemu kubwa ni maweni. Udongo humo ni haba, umo katika vishimo baina ya mawe, na mkulima hupanda muhogo, mtama, kunde na viazi pale penye udongo, si pale apendapo yeye. Wazee wetu walizungusha makonde yao kuta za mawe yaliyopangwa pasi na chokaa, na aliyezitazama kuta hizo amekwisha kusoma historia ya vita baina ya mtu na nguruwe katika kisiwa hiki. Mtu hajitwishi mawe kwa mamia ila ana adui anayemjua.

Na adui huyo ni hodari. Nguruwe mwitu wa Unguja hutembea usiku, huenda kwa makundi ya jamaa, na pua yake humwonyesha mzizi ulio chini ya ardhi kabla jicho halijauona. Hachumi kama kima; hufukua. Muhogo uliongojewa miezi minane au kumi, pengine mwaka, hulala chini kwa usiku mmoja, na kile asichokula amekwisha kukikata na kukiacha kioze. Asubuhi yake mama wa nyumba husimama kondeni akahesabu mashina, na hesabu hiyo ndiyo ada ya skuli, ndiyo sare ya mtoto, ndiyo mafuta ya taa.

Kwa ajili hiyo watu hukesha. Hujenga dungu, hukoka moto, hugonga debe mpaka alfajiri. Na nani akeshae? Mara nyingi ni vijana wadogo, kwa kuwa baba amekwenda pwani au mjini kutafuta riziki. Sisi tunaosomesha twawajua watoto hawa. Huja chuoni macho mekundu, juzuu imefunguliwa mbele yao na kichwa kimeinama juu yake, wala si kwa unyenyekevu bali kwa usingizi. Basi nguruwe hali muhogo peke yake. Hula na sehemu ya elimu ya mtoto. Hili ndilo lililotufanya tusilipuuze swali la vijana.

Katika Suratul Anbiya, aya ya 78 na ya 79, Mwenyezi Mungu ametaja hukumu ya Daud na Sulaiman, amani iwashukie, juu ya konde lililoingiwa usiku na wanyama wa watu. Tazameni, ndugu zetu: konde moja lililoliwa usiku mmoja limetajwa katika Kitabu, na Mitume wawili wameketi kulihukumia. Wenye kufasiri wametueleza kuwa Sulaiman aliona wenye wanyama walitengeneze konde mpaka lirejee hali yake, na mwenye konde anufaike na wanyama wao kwa muda huo. Haya, nguruwe wa msituni hana mwenyewe wa kushitakiwa. Basi khasara yake yamwangukia mkulima peke yake, ila jirani zake wakisimama naye. Ni kweli tumefundishwa kwamba kinacholiwa na mtu, ndege au mnyama katika alichokipanda Muislamu huandikwa kuwa sadaka yake. Hilo ni liwazo kwa aliyepatwa. Haliwi udhuru kwa jirani aliyelala.

Sasa twende kwenye hukumu. Nyama ya nguruwe ni haramu kwa nassi ya Kurani, na hapana khilafu. Kumwua mnyama anayedhuru watu na mali yao wanavyuoni wameruhusu, na nguruwe mharibifu yumo. Lakini hapa watu wetu huteleza kwa pande mbili. Wa kwanza husema: ni najisi, mimi simkaribii, na mwenye muhogo atajijua. Wa pili husema: ni haramu, basi nimfanye nipendavyo; nimpige nusu nimwache, nimcheke akijikokota, nimchome moto. Wote wawili wamekosa. Uharamu wa nyama yake ni amri iliyotufikia sisi tulao, si ruhusa ya kumtesa aliyeumbwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha wema katika kila jambo hata katika kuua, na amekataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha ya mchezo. Katazo hilo halikuvuliwa nguruwe.

Ama khofu ya najisi, elimu huipunguza. Katika madhehebu ya Imamu Shafii yaliyo mashuhuri kwetu, kilichoguswa na nguruwe kwa umaji huoshwa mara saba, moja yao kwa udongo, kama ilivyo kwa mbwa. Kikavu kwa kikavu hakiambukizi. Basi mtu anaweza kuufukia mzoga, akajitoharisha, akaenda kusali, na hapana kilichomwondokea. Mbwa wa kusasia na wa kulindia konde ameruhusiwa. Kuuza nyama ya nguruwe, hata kwa asiye Muislamu, si halali kwetu, na asiwepo anayetaka kuufanya usasi huu biashara ya mzoga huku akijidai amesaidia wakulima.

Tuje kwenye chombo chenyewe. Kila chenye joto hutoa mionzi isiyoonekana kwa jicho. Mtaalamu William Herschel aliitambua mwaka 1800. Darubini ya joto huikusanya mionzi hiyo ikaigeuza picha, wala haihitaji mbalamwezi wala taa. Ni neema ya elimu, hatuikatai. Lakini ina mipaka, na mipaka hiyo yahusu nchi yetu khasa. Mvua na ukungu huidhoofisha. Mawe yaliyopigwa na jua mchana kutwa hubaki na joto hadi usiku, na maweni yetu ni mawe matupu. Kubwa kuliko yote, chombo hiki huonyesha kwamba kuna kitu chenye joto kabla hakijaweza kuonyesha ni kitu gani. Kwa mbali nguruwe ni doa. Na paa nunga, mnyama adimu anayetunzwa, naye ni doa. Mtu aliyeinama ni doa vile vile. Na mashamba ya Unguja si jangwa lisilo watu: usiku wa bamvua wako wanaoshuka pwani, yuko mvuvi anayerudi, yuko mzee anayewahi sala ya alfajiri kwa njia ya mkato. Risasi ikigonga jiwe huruka, na haiulizi imwendee nani. Bunduki kwetu haishikwi pasi na kibali, na usasi una sheria zake. Aliyedhani kuwa kiza kimemficha na sheria ajue hakimfichi na Mola wake.

Na je, huko Marekani walikoanzia, mambo yamekwenda vipi? Nguruwe wa huko si wenyeji. Walipelekwa na Wahispania. Mwaka 1539 De Soto alishuka Florida na kundi lake. Wengine walitoroka, wengine baadaye waliachiwa makusudi ili wawindwe. Leo idara ya kilimo ya nchi hiyo hukisia kuwa wamezidi milioni 6, wameenea katika majimbo 35 hivi, na khasara wanayoleta katika kilimo yafika kiasi cha dola bilioni 2.5 kila mwaka. Katika jimbo la Texas sheria ya mwaka 2011 iliruhusu wapigwe hata kutoka helikopta, na tangu mwaka 2019 hapahitajiwi leseni kuwapiga katika ardhi ya mtu binafsi kwa ruhusa yake. Watu hulipa fedha nyingi wapate kuongozwa usiku na darubini hizo. Na pamoja na yote hayo nguruwe wangaliko.

Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Ukipiga wawili katika kundi la kumi, wanane hutawanyika na kujifunza kuogopa, kisha huzaa. Tena anayelipwa kuongoza wasasi hapendi nguruwe waishe, kwani wakiisha na riziki yake imekwisha. Jimbo la Missouri liliyaona haya, na mwaka 2016 idara yake ya hifadhi ikapiga marufuku uwindaji wa nguruwe katika ardhi zake, ikategemea zaidi mitego mikubwa ya uzio inayokamata kundi zima kwa mara moja. Hapo vijana wetu wapate funzo: kumwua nguruwe si lazima kuwe kumsaidia mkulima. Kipimo ni muhogo uliobaki kondeni, si picha ya mizoga.

Nasi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mazingatio. Chui ndiye adui wa kawaida wa nguruwe katika misitu ya Afrika, na Unguja ilikuwa na chui wake, ambaye wataalamu walimwandika kuwa ni namna ya peke yake mwaka 1932. Watu walimwogopa, wakaamini wako wachawi wanaomfuga na kumtuma. Na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 zikapita kampeni za kumsaka pamoja na wanyama waliohesabiwa waharibifu. Chui akatoweka machoni pa watu, nguruwe akabaki. Hatusemi chui angekuwa tiba ya kila konde, wala hatumlaumu aliyekhofia mbuzi wake na mtoto wake. Twasema tu kwamba aliyeng'oa jambo katika nchi pasi na kupima, hupata la pili ambalo hakulitia hesabuni.

Basi nini la kufanya? Kwanza, watu wa kijiji walime makonde yao pamoja kwa ujirani, yasiwe moja moja kichakani, ili ukuta mmoja uzunguke wengi na zamu moja iwalinde wengi. Pili, kuta za wazee zilizobomoka zisimamishwe. Mawe yako hapo hapo, kilichopungua ni mikono, na vijana wa mjini wanayo. Siku moja ya mapumziko waende kundi wakajenge, na thawabu yake itadumu kuliko usiku mmoja wa bunduki. Tatu, nguruwe wakizidi, wenye shida wapite kwa sheha wao na kwa maafisa wa kilimo na misitu, usasi na utegaji ufanywe kwa idhini, na watu wanaojua, kwa kundi zima, pasi na kutesa, na mizoga ifukiwe.

Nne, ama darubini ya joto, twaipenda zaidi mkononi mwa mlinzi kuliko juu ya bunduki. Mtu mzima mmoja aliye juu ya dungu akiwa nayo aweza kuona kundi likitoka msituni mapema, akapiga kelele na kuwasha taa kabla halijafika ukutani. Bei yake si ya mkulima mmoja, lakini yaweza kuwa ya kijiji, au ya jamaa wa mjini waliozoea kuchangia harusi. Ikiwa chombo kimoja kitawapeleka kulala watoto wanne waliokuwa wakigonga madebe, hicho kimefanya kazi ambayo risasi haiifanyi.

Vijana wetu, hatukusudii kuzima hamu yenu. Tokeni mjini, nendeni mashamba, mkaone muhogo unaouzwa Darajani umepita usiku mingapi kabla haujafika kikapuni mwa mama zenu. Lakini mwendapo, mwulizeni kwanza mwenye konde anataka nini. Huenda akawaambia anataka watu wa kubeba mawe.

Na nyinyi wazazi wa shamba, zamu za usiku zigawanyeni baina ya watu wazima, na mtoto aachwe alale, ili asubuhi aje chuoni na akili yake. Muhogo ukiliwa hupandwa tena mwaka ujao. Miaka ya kusoma ya mtoto haina msimu wa pili.

Mwenyezi Mungu ayahifadhi makonde yetu na wanaoyalima, na atujaalie wenye kusaidiana katika kheri. Wabillahi taufik.