Kukataa maziwa sio maringo

Vijana wenzangu, leo niongee kitu ambacho wengi tunakificha kwa aibu: tumbo.

Hapa Nakivale tunaishi na wafugaji. Ukimtembelea jirani, unapewa kikombe cha maziwa. Ukikataa, eti Wakongomani mna maringo! Basi mimi nilikuwa nakunywa kwa adabu tu, halafu usiku tumbo linanguruma, gesi, mbio za choo. Na vyoo vyetu mnavijua: mbali, tena giza.

Kaka yangu aliyehamia Kanada akanitumia pakiti ya vidonge vya laktasi. Nikanywa maziwa, tumbo likaanza, ndipo nikameza. Wapi! Nesi mmoja ndiye alinielewesha. Maziwa yana sukari yake, laktosi, na mwili unahitaji kimeng'enya cha laktasi kuivunja. Watu wazima wengi duniani hicho kimeng'enya kinawapungukia wakishatoka utotoni. Kwenye jamii za wafugaji wengi wanabaki nacho. Kidonge kinakusaidia kwa mlo huo mmoja tu, na unakimeza pamoja na funda la kwanza, sio baada ya tumbo kuchafuka. Hakiponyi.

Maoni yangu ni haya. Vidonge ni vizuri, lakini madukani hapa sijaviona, na pakiti ya kaka imeisha. Afya yetu isisubiri mzigo wa ng'ambo. Siku hizi nakunywa nusu kikombe, tena pamoja na chakula. Au natafuta maziwa yaliyoganda, yale sisi tunaita mashanza na wenyeji wanaita bongo. Vijidudu vilivyoyagandisha vimeshakula sehemu ya ile sukari. Mgao wa chakula umepunguzwa, kwa hiyo kuacha maziwa kabisa ni hasara.

Ila tusisingizie maziwa kila kitu. Ukiendelea kuhara, au ukiona damu, nenda kituo cha afya, maana maji machafu nayo yapo. Na mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha kwa sababu ya maneno haya.

Nanyi mnaotuhudumia: kwenye mafunzo ya lishe mnatuambia "kunyweni maziwa", mnapita. Ongezeni dakika tano tu za kueleza haya. Kijana anayeacha kikombe mezani huenda hajakataa msaada wenu. Anaogopa usiku wake.

Jirani yangu nilimweleza ukweli. Alicheka, akaingia ndani, akaniletea bongo.