Wahariri, punguzeni haraka kwenye habari za kujiua

BARAZANI NGAMIANI
Na Zaina Mhando

Wiki iliyopita, hapa Barabara ya 12, simu ilizungushwa barazani mkono kwa mkono. Kichwa cha habari kilikuwa na jina la kijana aliyejiua, njia aliyotumia na sababu: "kisa mapenzi". Hata maziko yalikuwa bado.

Sababu ile ilipatikana lini? Jirani humwambia askari, kamanda huitaja mbele ya waandishi, kufikia jioni imeshakuwa ukweli. Lakini mtu hafikishwi pale na jambo moja. Huwa kuna sonona isiyotibiwa, madeni, ulevi, maradhi, fedheha ya siku nyingi ambayo hata wa nyumbani hawakuijua. Tukiandika "kisa mapenzi", binti aliyeachwa juzi anasoma kana kwamba ameonyeshwa njia. Huyo ndiye ninayemhofia, maana yu hai na anasoma.

Hofu hiyo ina msingi. Mjini Vienna, Austria, magazeti yalikuwa yakizipigia kelele habari za watu waliojiua kwenye treni za chini ya ardhi. Mwaka 1987 wataalamu waliwapa waandishi mwongozo, magazeti yakatulia, na vifo hivyo vikapungua sana katika nusu ya pili ya mwaka uleule.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, halikatazi kuandika. Linaomba tusieleze njia wala mahali, tusichapishe barua ya marehemu, na tuseme msaada unapatikana wapi. Hili la mwisho linaniuma zaidi, kwa sababu Tanga tunayo ya kusema. Hospitali ya Bombo ipo hapa mjini. Hospitali ya Lutindi, kule milimani Korogwe, inapokea wagonjwa wa akili tangu 1904. Mbona hazitajwi?

Utafiti wa Austria wa 2010 ulionyesha pia kuwa habari za watu waliowahi kufikiria kujiua, wakavuka, ziliambatana na kupungua kwa vifo. Kwetu nani atathubutu kusimulia? Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyejaribu kuwa mhalifu. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kifungu cha namna hiyo kuwa kinyume cha Katiba. Wabunge wetu nao wakifute cha kwetu. Na kabla hakijafutwa, mwandishi akimpata aliyevuka amfichie jina na mtaa, kisha amwache aeleze nani alikaa naye usiku ule, na alitibiwa wapi.